Bibi Kakata Kisutu Changu cha Utafiti

Jamani, leo Bibi kaitia mkasi tasnifu yangu!

Nasomea uzamili, historia ya mavazi. Bibi yangu wa Chumbageni ana kisutu, ile kanga ya maharusi, alicholetewa harusini mwake, doti nzima, hakijawahi kukatwa. Leo kakitoa sandukuni. Nikavaa glavu, nikapiga picha mbili tatu, nikainamia begi kutafuta chaja.

Krrrr!

Kugeuka, pande mbili.

"Bibi! Hicho kielelezo!"

"Kielelezo cha nini? Doti unagawana na umpendaye. Hii nilimwekea dada yangu, akafariki hatujagawana. Basi vua maglavu hayo, uje."

Akanifunga upande mmoja, wa pili akajitanda yeye.

Sasa msimamizi akikitaka kielelezo, nimjibuje? Maana nimekivaa, kinanukia udi, na sikivui ng'o.