Chumba au Nyumba Yenye Jiko

Juzi nilisimama kwenye mapokezi ya hoteli moja hapa Raskazone, nyuma ya familia iliyokuja kutafuta mahali pa likizo: mume, mkewe, binti yao mdogo na mama wa mume.

"Kuna vyumba, chakula mnaletewa. Au kuna nyumba ya uani, mnajipikia," alisema dada wa mapokezi.

"Nyumba," mama mkwe akadakia. "Mwanangu hali vya hotelini. Wali wa nazi atapikiwa na mkewe."

Nami, kwa kiherehere changu, nikaitikia kwa kichwa.

Mtoto akamvuta mama yake kanga. "Mama, na mwaka huu huogelei?"

"Mwaka jana kule Ushongo bahari niliisikia tu," mke akasema taratibu. "Nilikuwa jikoni."

Mume akatazama viatu vyake. "Tupe vyumba, dada."

Zamu yangu ikafika. "Shikamoo bibi. Chumba au nyumba?"

Nami nilikuwa nimekwenda kukodi nyumba ile ile, wanangu wakija Idi wapikiwe na mke wa mkubwa wao. Uso ukaniwaka.

"Marahaba. Ngoja nikamuulize mpishi mwenyewe, mkwe wangu."

Wenzangu wenye wakwe, msinicheke. Nanyi hamjawahi kuuliza.