Akina Ganza Watatu wa Kabeza

Laiti ungekuwa nami Jumapili pale juu ya mlima wa Kimihurura, ungepiga kelele hadi sauti ikauke! Mbio za baiskeli zilikuwa zinapita na umati mzima unaita Ganza, Ganza. Jamaa mmoja akauliza ni Ganza yupi huyo, yule mwimbaji? Mwenzake akamwambia hapana, wala si yule daktari wa watoto anayeongea redioni. Nilicheka peke yangu. Wote watatu nawajua tangu wachanga, na jina lao nililitaja mimi.

Kabeza ya utoto wetu, sisi watoto ndio tuliomtafutia mchanga jina. Tuliitwa uani kwa wenye mtoto, tukalimalima kwa vijiti, kisha bibi wa nyumba akatunyunyizia maji ya kuigiza mvua, nasi tukakimbilia ndani tukipiga mayowe. Huko ulitungoja ungo wa maharage yaliyopondwa na dodo, mchicha wetu ule, na maziwa ya kushushia. Lo, utamu wake! Mikono yote ndani, kijiko cha nini? Ukishashiba unataja jina, halafu baba wa mtoto anachagua.

Mimi kila nyumba nilitaja moja tu: Ganza. Nilikuwa nimemwekea mdogo wangu, akafariki kabla ya siku yake ya kupewa jina, na sikutaka lipotee. Fundi cherehani jirani yetu akalichukua. Baadaye mwenye duka, kisha mwalimu wetu. Mtaa mmoja, Ganza watatu! Nilitamba, nikajiona bingwa.

Mama tu ndiye hakulitamka kamwe. Akiwaita wale watoto waje kula alisema "nyinyi vijana", basi. Iliniuma, kwa kuwa yeye ndiye niliyetaka awe na Ganza wa kumwita.

Mwaka huu mke wa fundi, bibi kizee sasa, alinimaliza maringo.

"Unafikiri ni weye ulishinda?" akaniambia. "Sisi tulikuwa tunajua ile jina ni ya nani. Tulitaka mama yako akuwe anasikia ile jina inaitwa hapa mutaani."

Nilimkumbatia nikashindwa kumwachia.

Siku hizi jina linachaguliwa kwenye simu mtoto akiwa bado tumboni, na watoto wa Kabeza hawaitwi uani tena. Naukumbuka ungo ule hadi mate yananitoka.

Basi Jumapili, Ganza wa baiskeli, yule wa fundi, akaibuka kileleni peke yake, wa kwanza! Nikarukaruka kama mwehu. Mama alikuwa kando yangu, kitenge begani. Kijana alipokaribia, mama akanipita akasogea hadi kwenye kamba ya barabarani. Akaita, kwa sauti ile ile aliyokuwa akituitia chakula:

"Ganza. Enda, mwana wangu, enda."