Banda la Ottilia lagoma kumwacha Bibi darajani

Saa nne asubuhi, Jumamosi. Ukungu haujaondoka Mbinga mjini, na ndani ya banda la mabati lililo nyuma ya soko watu wazima waliovaa masweta na makoti wanabishana kuhusu bibi kizee ambaye hayupo duniani.

Bibi huyo yuko kwenye televisheni. Amepinda mgongo, ameshika fimbo, na mbele yake kwenye daraja la mawe limesimama dubwana lenye pembe. Pembeni yake wapo wenzake wanne: kijana mwenye upanga, binti mwenye upinde, mbwa mweupe, na mwanaume wa joho jeusi refu ambaye hapa wanamwita Padri.

"Nani hajasema?" anauliza Ottilia Ndunguru, mwenye banda, huku akigeuza mahindi kwenye jiko la mkaa karibu na mlango.

Hajasema Hyasinti, muuza usipa, wale dagaa wa ziwani, anayepanda kutoka Liuli siku za soko. Anafuta mikono kwenye suruali na kueleza kwamba yeye bado analiona gemu hili linachosha, linakwenda kama lori lililobeba kahawa mlimani, lakini kwa kuwa ameulizwa, basi Bibi apewe dawa kwanza kabla dubwana halijatema moto. Hapo ndipo Gaudence, fundi wa mashine za kumenya kahawa ambaye leo ndiye ameshika pedi ya kuchezea, anabonyeza kitufe.

Gemu lenyewe limetengenezwa Japani, na maneno yake yote ni ya Kijapani. Hakuna anayesoma lugha hiyo Mbinga, au kama yupo amejificha. Jalada halikuwepo, kwa hiyo hata jina lake hawalijui. Wao wanaliita Watano.

Na hilo Watano ndilo limemweka Ottilia matatani. Afisa anayeshughulikia leseni za biashara amemwambia kwa mdomo wake kuwa gemu la mpira wa miguu ni michezo na linaruhusiwa, ila gemu la madubwana na watu wa kurusha miale ni mambo ya giza. Kuna wazazi wamelalamika. Ama aliondoe kufikia leo, ama leseni yake haitatoka na banda litafungwa.

Ottilia hajaliondoa. Ukimuuliza kwa nini, anakuangalia kana kwamba umemuuliza kwa nini hajamtoa mgeni sebuleni.

"Mimi siuzi gemu hapa," anasema. "Hapa watu wanaketi, wanasikilizana. Niambieni ni ofisi gani mjini hapa mtu anasikilizwa mpaka amalize."

Ana miaka arobaini na tatu. Alizaliwa Matiri, kwenye shamba la kahawa na mahindi, na ujana wake aliumalizia kwenye mizani ya chama cha msingi, akipima kahawa ya wakulima. Biashara ilipoachiwa huru wakaja wanunuzi binafsi na magari yao, kila mmoja na mizani yake. Ghala la chama likabaki na popo, na Ottilia akabaki na shati la kazi. Mumewe alikuwa ameshafariki.

Alichofanya kiliwashangaza ndugu. Alichukua akiba yake, akaenda Songea, akarudi na televisheni, mashine ya gemu iliyokwisha tumika, diski ya mpira, na diski moja isiyo na jalada ambayo muuzaji alimtupia kama nyongeza. Pamoja na hayo akamhamishia mjini mama mkwe wake, Bibi Walburga, ambaye shemeji za Ottilia walikuwa wanabishana nani abaki naye.

Mpira ndio unaoleta riziki. Nusu saa ni shilingi mia moja, na siku nzuri Ottilia hufikisha elfu tatu. Watano halina nusu saa. Mtu anatoa mia yake, anakaa mpaka achoke, na wengine hawachoki. Kibiashara ni hasara tupu, na yeye mwenyewe anakiri hivyo bila kuona haya.

"Ng'ombe mmoja anakamuliwa, mwingine unampenda tu," anasema, na waliopo wanacheka.

Mabishano haya ya bandani yana jina: sengu. Kwa wasiotoka huku, hilo ni baraza la Wamatengo. Jioni wanaume wa ukoo hukutana kwa mkubwa wao, wanakula pamoja, na jambo lolote, liwe ugomvi, shamba au mtoto mkaidi, linazungumzwa mpaka kila mmoja ametoa lake. Wageni wa banda hili, walipokwama mbele ya maandishi wasiyoyajua, hawakutafuta mkalimani. Waliketi sengu.

Ikawa kanuni. Jambo dogo, mwenye pedi aamue. Jambo kubwa, hakuna kubonyeza mpaka wote wamesema. Mapambano madogo madogo ya kuwaongezea Watano nguvu, ambayo kila mtu anakubali kuwa yanachosha, hufanywa kwa ngokela, vile watu wanavyosaidiana kulima ngoro, yale mashamba ya mashimo ya milimani: leo unamsukumia mwenzako, kesho anakusukumia wewe. Na sinia linakuwa katikati. Aliyeketi anakula, aliyekula anasema.

Kuna kitu kimoja Ottilia amekibadilisha, na hakijawafurahisha wote. Sengu la kwao lilikuwa la wanaume.

"Nyumbani nilikuwa napeleka sinia, naweka, naondoka," anasema. "Nasikia sauti zao kwa mbali nikiwa jikoni. Sasa napika mimi, naweka mimi, na nakaa. Asiyetaka, mlango ule pale."

Maoni kuhusu Watano ni mengi kuliko watu waliomo. Gaudence anasema hajawahi kuona kitu kinachofanana na kilimo kama hiki, maana unahangaika muda mrefu bila kuona kitu, halafu siku moja kijana anapata upanga mpya. Yeye ndiye aliyekariri alama za Kijapani. Dawa, anasema, ni ile alama kama ngazi iliyovunjika, na kukimbia ni ile yenye mkia. Hyasinti anasema muziki wake unamliza na hapendi kulizwa na mashine. Wote wanaafiki kuwa Padri hana msaada wowote na anajipenda, maana ngao pekee waliyonayo anaivaa yeye.

Lakini ugomvi hasa ni Bibi.

Katika kijiji cha tatu cha gemu hilo kuna nyumba ya wageni, na mlangoni anasimama mtu mwenye mapanga mawili. Ukimwacha Bibi pale, mwenye mapanga anachukua nafasi yake. Ni mwenye nguvu na ana mbio. Bibi anachoweza ni kupika supu inayoponya wenzake, tena kwa kusuasua, na pigo moja tu anakwenda chini. Dereva mmoja wa lori aliyewahi kuliona gemu hili Dar es Salaam aliwaambia kwamba kila mchezaji mwenye akili humwacha Bibi.

Sengu likaketi. Likakataa.

"Hatukubishana sana siku hiyo," anakumbuka Gaudence. "Ametoka na wale tangu nyumbani kwao. Amewapikia njia nzima. Utamwambiaje akae hapo na watu asiowajua?"

Aliyepinga alikuwa Sekela, muuguzi aliyehamishiwa huku kutoka Tukuyu, na bado anapinga. "Mimi nalaza wazee kila siku," anasema. "Kumwacha mzee mahali penye kitanda na chakula siyo kumtupa. Nyinyi mnamburuza mpaka kwenye pembe za lile dubwana halafu mnaita upendo." Ottilia anasema hayo ndiyo maneno mazito kuliko yote yaliyowahi kusemwa bandani kwake, na ndiyo maana Sekela hutengewa nafasi karibu na jiko.

Kwa uamuzi huo wamekwama darajani tangu msimu uliopita wa kahawa. Mashine imechoka. Inacheza ikiwa imepinduliwa, tumbo juu, maana lenzi yake haisomi vizuri ikikaa sawa. Diski husuguliwa kwa dawa ya meno kila Ijumaa. Na hao watu hawasogei.

Hapana, walisogea mara moja. Mwezi wa sita, Gaudence akiwa na pedi, dubwana lilianguka. Banda likalipuka kwa shangwe mpaka wauza nyanya wakaja kuchungulia. Kisha Bibi Walburga, ambaye hukaa kwenye kigoda chake na kwa kawaida husinzia, akanyoosha kidole kwenye televisheni. Bibi wa kwenye gemu alikuwa amelala chini. Wanne walikuwa wamesimama na wanashangilia, na yeye amelala kifudifudi mawe yakiwa usoni.

Dereva alishawaambia kuwa pambano likiisha aliyeanguka huamka mwenyewe. Hilo walilijua. Hata hivyo wakazungumza, mmoja baada ya mwingine, na kwa sauti zote isipokuwa ya Sekela wakakubaliana kwamba huko siko kuvuka. Kabla ushindi haujahifadhiwa kwenye kadi ya kumbukumbu, Gaudence akazima mashine kwa mkono wake.

"Nililia," anasema, na haoni aibu kuniambia. "Lakini nilizima."

Niseme wazi, nilipoisikia habari hiyo mara ya kwanza nilidhani watu hawa wamechanganyikiwa. Sasa sina uhakika kwamba waliochanganyikiwa ni wao.

Leo saa sita kasoro, afisa anaingia. Anaitwa Bwana Lusekelo, mtu wa Mbeya, mpole wa sauti, viatu vimepigwa kiwi. Anamwamkia Bibi Walburga shikamoo, anawasalimu wengine, kisha anamwambia Ottilia azime kile kitu ili wazungumze.

Ottilia anamkaribisha kwenye benchi na kumwonyesha sinia la ugali na maharage. Afisa anashukuru, anasema yuko kazini. Anarudia: azime.

"Tukimaliza pambano hili, Bwana Lusekelo," anajibu Ottilia. "Kuna watu hapa hawajasema."

Afisa anabaki amesimama, mikono nyuma. Anaona Hyasinti akisema la kwake, Sekela la kwake. Anaona kijana akikata, binti akifuma, mbwa akiuma. Bibi anapika supu. Dubwana linatema moto na Bibi anaanguka. Gaudence anazima, anawasha tena, na Watano wanatokea upya mwanzo wa daraja, Bibi akiwa amesimama na fimbo yake.

"Lakini kwa nini yule mama asikae nyuma ya wenzake?" anauliza afisa. Swali limemtoka kabla hajajizuia.

Watu wote wanageuka. Ottilia anachukua jagi la maji na beseni.

"Umetoa maoni," anamwambia. "Hapa aliyetoa maoni anakaa."

"Nawa, mwanangu," anasema Bibi Walburga, na kumsogezea sinia.

Ananawa. Anakaa pembeni kabisa ya benchi, kama abiria anayeshuka kituo kinachofuata, na anakula. Wanamweleza kuwa mbwa ndiye aliyewekwa nyuma, kwa sababu anaogopa moto, na kwamba jambo la kumbadilisha liliwahi kujadiliwa. Anauliza swali jingine. Kisha anakumbuka kilichomleta, anasimama, na mbele ya watu wote anasema msimamo wake haujabadilika: gemu hilo likiendelea kuwepo, leseni haitoki, na wiki ijayo ataleta kufuli.

Ottilia hanyanyui sauti. Anamwambia afunge banda. Diski ya mpira ataiacha humo ndani, ni mali ya leseni. Televisheni na mashine atavihamishia kwenye chumba chake cha jikoni, na watu watakuja kama wageni wake, bila kutoa hata senti.

"Kula na kuzungumza nyumbani kwangu kunahitaji leseni?" anauliza. "Kama kunahitaji, basi mababu zangu wote walikuwa wahalifu, na mimi nimewafuata."

Afisa anaaga na kutoka. Nilimfuata nje kupata kauli yake, akaniambia suala hilo linashughulikiwa kwa mujibu wa taratibu na amri yake iko pale pale. Alipiga hatua chache kuelekea sokoni, akarudi. Alitaka kujua kama waliwahi kumvika Bibi ile ngao ya Padri.

Nilipomfikishia Ottilia swali hilo, hakutabasamu. Alisema litawekwa mbele ya sengu kama maoni mengine yoyote, na mwenye maoni anakaribishwa aje ayatetee mwenyewe, jikoni au bandani, na kufuli lake mkononi kama anapenda.

Mipango anayo. Mahindi ya mwaka huu yakiuzika atanunua mashine nyingine, maana hii inakata roho. Watu wa Liuli wamemwomba afungue banda kule ziwani, na Hyasinti, ambaye gemu linamchosha, ndiye anayemtafutia kiwanja.

Na daraja? Ninapofunga daftari Gaudence ameshika pedi tena, Padri amevuliwa ngao, na mabishano yameanza upya. Ottilia anaketi kwenye mkeka kando ya mama mkwe wake na kumfunika miguu kwa kitenge.

"Tutavuka naye," anasema, macho kwenye televisheni. "Akiwa amesimama. La sivyo wewe waandikie hao Wajapani kuwa Mbinga haikuvuka."