Mkono wa Idi wa Mama Sponji

Gerejini walimwita Mama Sponji, kwa kuwa alishona viti vya magari na chembe za sponji hazikumwisha kichwani. Madereva waliuogopa ulimi wake kuliko mkasi wake. Lakini akienda kwa mama yake siku ya Idi, ulimi huo aliuacha mlangoni pamoja na viatu. Mle ndani msemaji alikuwa kaka yake mkubwa, na kaka akishasema, amesema.

Baba yao alipofariki, kaka ndiye aliyerithi kazi ya kuwapa watoto mkono wa Idi. Wavulana walipata noti mpya, ngumu, zinazolia ukizikunja. Wasichana walipata chakavu, zilizolegea kama kitambaa cha deki. Thamani ile ile, kwa hiyo aliyenung'unika aliambiwa pesa ni pesa. Mama Sponji mwenyewe alikua akipokea chakavu kwa baba, akameza.

Mwaka ule alikwenda benki akabadilisha akiba yake ikawa noti mpya tupu. Nia yake ilikuwa kuwapenyezea wasichana nyuma ya nyumba, kimyakimya, yaishe.

Basi watoto wakapanga mstari sebuleni. Zamu ikamfikia binti wa mdogo wao, katoto kasikojua kuogopa. Akaitazama noti yake, asifumbe kiganja.

"Baba mkubwa, hii imechoka. Nataka kama ya kaka."

"Wewe utaolewa," akamjibu. "Mumeo atakupa mpya."

Watu wazima wakaangua kicheko. Mtoto akainamisha kichwa. Mama Sponji alipokiona kisogo kile kimeinama, damu ilimchemka. Akaketi chini katikati ya sebule, akafungua mkoba.

"Wasichana wote, njooni kwa shangazi."

"Unafanya nini?" kaka akauliza.

"Natoa mkono wa Idi."

"Unanivunjia heshima mbele ya watoto?"

"Heshima yako hakuna aliyeigusa, kaka. Ila hawa hawatoki humu na matambara."

"Basi chukua pesa zako uondoke!"

"Nitaondoka nikimaliza."

Hakuinuka. Wasichana waliwatazama baba zao kwanza. Kale katoto kakatangulia, wengine wakafuata. Nyuma yao kabisa akasimama bibi mwenye nyumba, mama yao, ametoka jikoni mikono ingali na maji.

"Mama, hata wewe?" kaka akauliza.

"Kwani mimi nilizaliwa mvulana?"

Akapewa yake. Akainusa, akacheka peke yake, akaitia kifuani.

Kaka aliondoka bila kula. Miezi ikapita hapokei simu ya dada yake. Wajomba wakaitisha kikao, wakamtaka Mama Sponji aombe radhi ili yaishe.

"Niombe radhi kwa kosa gani?" akawauliza. "La kutoa?"

Wakaaga.

Idi iliyofuata kaka aliwagawia wavulana peke yao, nyumbani kwake. Wasichana wakajaa kwa shangazi. Adhuhuri haijafika, wavulana nao hao mlangoni, maana hakuna mtoto mjinga kwenye hesabu ya sikukuu. Akawapa, mpya vilevile.

Mama Sponji alimkumbuka kaka yake, tena sana. Walibebwa mgongo mmoja. Alimpelekea salamu ya Idi kwa hao hao wavulana. Radhi hakuomba.