Picha ya Mama wa Viazi

Nilijifundisha kuchora peke yangu, na hapa Butembo hakuna aliyewahi kunipa komande, kazi ya kulipwa, nje ya ukoo wetu. Fundi wa simu aliniazima ukuta wa kibanda chake karibu na soko, nitundike mchoro mmoja wa kujitangaza.

"Weka mutu ule batu banajua," akanishauri.

Nikamchagua mama anayeuza viazi vya Lubero mlangoni mwa soko. Nilimpiga picha kwa siri. Niliogopa kumwomba ruhusa, asije akataka kuona mchoro kabla haujakamilika. Jicho la kushoto nililifuta na kulirudia mpaka karatasi ikaanza kuchubuka. Kisha nikatia fremu nyeusi, kwa kuwa inapendeza na penseli.

Kila mtoto wa mji huu anajua uso mkubwa ndani ya fremu nyeusi unabebwa wapi: mbele ya jeneza. Mimi nilifikiria penseli tu.

Asubuhi wanawake walisimama mbele ya picha. Mmoja akashika kichwa, mwingine akapiga simu Beni. Nilidhani wanashangaa ufundi wangu. Nikainyoosha fremu.

Mara akatokea mwenyewe, beseni kichwani.

"Weye mutoto, uliniua lini?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Dada yangu amepanda gari kule Beni, anakuja kunizika. Na barabara ile unaijua, batu banauliwa pale!" Simu yake ikalia. "Niko muzima! Lakini ni mimi naongea! Maiti inaongeaka?"

Nilipaswa kuomba msamaha. Badala yake nikawa namtazama jicho la kushoto, nikaona bado nimelikosea.

Ndipo mwanamke mmoja akanivuta mkono. "Kijana, baba yetu tulimuzika bila picha ya muzuri. Utatuchorea?"

"Ndiyo, mama," nikajibu upesi, yule wa viazi bado anamtuliza dada yake kwenye simu. Nikampa namba yangu. Nilikuwa natabasamu, na mama wa viazi aliniona.

"Toa kwanza uso yangu pale," akasema.

Nikaishusha picha, nikamnyooshea aichukue bure.

"Niiweke wapi? Kwangu hakuna kilio."

Nikarudi nyumbani nimeibana kwapani, uso wake umegeukia ubavu wangu ili njiani asitambulike. Jioni ile ile yule mwanamke akanitumia kwa simu picha ndogo yenye ukungu ya baba yao, nikaanza kumchora.