Nilisaini Safari ya Pili Kabla Sijashuka Melini

Kosa ni langu. Siwezi kusema nilishawishiwa, kwa sababu kushawishi watu ndiyo ilikuwa kazi yangu. Jina langu silitoi, na majina ya wengine nimeyabadilisha, lakini yaliyotokea nimeyaacha kama yalivyokuwa.

Mimi ni kijana wa upande wa Mikinduri. Nilimaliza chuo kikuu na shahada ya takwimu, halafu nikakaa nyumbani miaka miwili na nusu. Mama huuza ndizi na nduma katika soko la Gakoromone. Asubuhi nilimsaidia kushusha magunia, kisha naketi nyuma ya kibanda nikituma maombi ya kazi kwa simu. Wateja walimwuliza kama mimi ndiye yule wa yunivasiti. Mama akisema ndiye, anawaongezea ndizi moja wanyamaze.

Naomba mkumbuke hiyo miaka miwili na nusu. Si kisingizio. Ni kwamba hofu yangu yote ilizaliwa pale nyuma ya kile kibanda.

Mwishowe wakala mmoja wa Nairobi alinipatia kazi kwenye meli ya watalii, kule Karibea. Nilianza chumba cha kufulia. Baada ya miezi mitatu waliona Kiingereza changu ni kizuri, wakanipandisha juu, kwenye dawati karibu na mlango wa ukumbi wa chakula. Kazi ya dawati hilo ilikuwa kumwuzia mtalii safari ya mwaka ujao kabla hajamaliza ya mwaka huu.

Msimamizi wangu alikuwa mama Mfilipino, mtu mpole. Alinifundisha nisimwache mteja afike nyumbani. Akifika kwake ataona nyasi zimekua, atakumbuka jino linalomwuma, basi hanunui tena. Mwuzie akiwa bado anatazama maji. Akisitasita, kuna sentensi ya kumaliza kazi: "Wewe andika jina tu. Tarehe unaweza kubadilisha wakati wowote."

Nilikuwa naisema hiyo sentensi labda mara thelathini kwa siku. Ilikuwa ya kweli, kwa watalii.

Sasa nimtaje Kendi. Ni mwalimu wa shule ya msingi, anaishi Kaaga. Tulianza kupendana nikiwa bado nabeba magunia, na hakuwahi kuniuliza nitaajiriwa lini. Tulikubaliana nikimaliza mkataba wa kwanza nitakuja nyumbani miezi mitatu, na katika miezi hiyo watu wa kwetu wataenda kwao kumwomba. Baba yake alikuwa na sharti moja. Kijana awepo mwenyewe. Alimwambia Kendi hataki kuletewa mkwe ndani ya simu.

Wiki ya mwisho ya mkataba, msimamizi aliniita. Akasema nikisaini mkataba wa pili sasa hivi, dawati ni langu, ila nitatakiwa kurudi baada ya wiki tano. Nikienda nyumbani kwanza kufikiria, nafasi itapewa mwingine, na mimi nikirudi, kama nitarudi, ni kufua mashuka.

Nilichukua kitambaa cha karatasi cha mezani nikachora mstari katikati. Upande mmoja sababu za kusaini, upande wa pili sababu za kukataa. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Niliwaza hata mambo ya kuchekesha, kwamba labda ndege yangu itachelewa, labda nitaugua malaria nishindwe kurudi, labda Mama atauza vibaya msimu huo. Kendi nilimwandika upande wa kukataa, mstari wa nne. Mstari wa nne, jamani!

Mwishowe nikajiambia, andika jina tu, tarehe unaweza kubadilisha wakati wowote. Nikasaini. Sikuuliza kama maneno yale yanawahusu na wafanyakazi.

Hayakuwahusu.

Nilifika nyumbani siku ya Jumanne. Baba amefariki zamani, kwa hiyo anayetusimamia ni ndugu yake, Baba Mdogo, mkulima wa miraa na mzee wa kanisa. Alhamisi alikuja kwetu akiwa amevaa koti lake la Jumapili. Akatangaza kwamba wameongea na baba ya Kendi na siku imepatikana. Jumamosi ya wiki ya saba, shule zikiwa zimefungwa, na mjomba wa Kendi anayefanya kazi Embu atakuwa na nafasi.

Wiki ya saba. Mimi nilitakiwa niwe melini wiki ya tano.

Nilifungua mdomo. Mama alikuwa ameshaanza kuhesabu nani atapika na nani ataombwa sufuria kubwa. Baba Mdogo akanitazama akasema, "Ama wewe umekuja na mpango wako?"

Nikasema, "Hapana, ni sawa."

Hapo ndipo nilipokosea. Kusaini lilikuwa kosa, lakini lingerekebishika. Ile "ni sawa" ndiyo iliyoniua.

Niliwaandikia watu wa meli nikiomba tarehe isogezwe. Walijibu kwa heshima kwamba haiwezekani, nisipofika nitarudi mwisho wa foleni kama mtu mpya. Nikaandika tena. Nikaandika mara ya tatu, barua ndefu yenye aya saba, sikuituma. Kila asubuhi niliamka nikisema leo nitawaambia. Nilipanga hadi maneno, na majibu ya maneno yao, na majibu ya majibu. Ikifika jioni nimechoka kama mtu aliyelima, na sijasema neno.

Jumamosi moja Kendi alikuja sokoni. Mama alimtuma mtu wa kibanda cha pili amletee kiti, akakifuta vumbi kwa leso yake mwenyewe. Baadaye tukatembea kidogo mpaka kwa wauza maparachichi. Akaniuliza kama kuna kitu ninaficha. Nikasema ni uchovu wa safari.

"Uchovu wa wiki mbili?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kama kuna kitu niambie sasa," akasema. "Baba yangu naweza kumwomba aisogeze siku. Leo naweza. Akishawaita ndugu zake, siwezi tena."

Nikamwambia hakuna kitu. Nikanunua maparachichi manne nikampa abebe. Mpaka leo sijui kwa nini nilinunua maparachichi.

Nilisema zikiwa zimebaki siku tatu niondoke. Nilisema yote, hata kwamba nilisaini nikiwa bado melini, kabla sijafika nyumbani. Mama aliendelea kuchambua maharagwe. Baba Mdogo aliuliza kama Kendi anajua. Nikasema bado. Akasema ndugu za baba ya Kendi wameshaitwa, siku haiwezi kusogezwa, wataenda bila mimi naye atajaribu kunisemea. Kisha akaongeza kwamba akiulizwa hatadanganya. Yeye hushiriki meza ya Bwana, hawezi.

Kendi nilimpigia simu. Alisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza swali moja tu, kama siku ile kwa wauza maparachichi nilikuwa najua. Nikasema ndiyo. Akakata simu, na sikumlaumu.

Nikaondoka. Ndiyo, niliondoka hata hivyo. Najua mnajiuliza kwa nini sikubaki. Nami nimejiuliza. Nilikiona kile kibanda cha Gakoromone na magunia, miguu ikaenda yenyewe.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Mama. Kwetu, unapoenda kuomba msichana, unabeba kifurushi cha miraa kilichofungwa vizuri kwa majani ya mgomba. Baba ya msichana akikifungua na kutafuna, mmesikizana. Asipokifungua, hamjasikizana. Baba Mdogo aliamka alfajiri akachuma yeye mwenyewe, kwenye miti ya zamani aliyopanda babu. Miraa haingoji. Ikikaa siku mbili imekauka.

Kifurushi kikawekwa mezani. Baba ya Kendi akauliza kijana yuko wapi. Baba Mdogo akasema yuko kazini, kwenye meli.

"Aliitwa ghafla?" mzee akauliza.

Mama anasema Baba Mdogo alikizungusha kile kifurushi kwa vidole. Halafu akasema hapana, alikuwa amesaini kabla hajarudi nyumbani.

Mzee hakukasirika. Alimwita binti yake kutoka jikoni, akamwuliza mbele ya wote, "Nifungue?"

Kendi akasema, "Usifungue, Baba. Huyo alikuja nyumbani akiwa ameshaondoka."

Waligawiwa chakula, kwa sababu wageni hawarudishwi na njaa. Walikula, wakashukuru, wakarudi na kifurushi chao. Baba Mdogo angeweza kuiuza ile miraa njiani au kuitafuna. Hakufanya hivyo. Aliiweka juu ya kabati kwetu, na Mama anasema ilikaa pale mpaka majani ya mgomba yakawa ya kahawia.

Saa ambayo hayo yalikuwa yakitendeka, mimi nilikuwa kwenye dawati. Nilikuwa nimemuuzia mzee mmoja mjane safari yake ya tisa. Aliandika jina bila kuuliza bei. Akaniambia yeye husaini hapa kila mwaka kwa sababu huko kwake hakuna mtu wa kumwuliza atarudi lini. Nikamshukuru nikampa kalamu ya zawadi. Sikuhisi kitu. Hata ujumbe wa Mama ulipoingia niliusoma mpaka mwisho, nikaiweka simu, nikamwita mteja anayefuata.

Ni miezi sita sasa. Nimemwandikia Kendi mara nyingi. Alijibu mara moja, akanitakia kazi njema. Juzi msimamizi ameniletea karatasi ya mkataba wa tatu. Iko hapa chini ya kikombe. Mara hii sikuchora mstari katikati ya kitu chochote. Hakuna cha kuandika upande wa pili.

Wewe uliye mbali, uwe melini, uwe Uarabuni, uwe hata Nairobi. Watakuambia usaini kabla hujaenda nyumbani, na watakuwa wapole. Wapigie watu wako kwanza. Waulize wamepanga nini. Ukikuta umeshasaini, waambie siku ile ile unayoingia mlangoni, kabla chai haijamiminwa.

Siku ile nilipokuwa nikichora mstari kwenye kitambaa cha karatasi, nilikuwa na kadi ya intaneti mfukoni. Ilikuwa imebaki dakika arobaini. Kendi angejibu kwa tano.