Jua la Paa la Wakfu

Nilifanya usafi miaka mingi katika jengo moja la ofisi za jiji la Washington, na namshukuru Mungu kwa kila ngazi niliyoipiga deki. Siku moja msimamizi wa jengo aliniambia kuwa jiji linatafuta mapaa ya kuwekea paneli za jua. Paa la jengo lao lilijaa mashine za viyoyozi, na sheria mpya iliruhusu umeme wa jua utengenezwe kwenye paa la mbali, uingie katika nyaya za mji, kisha kiasi chake kipunguzwe kwenye bili ya ofisi.

Nikamjibu papo hapo, "Msikiti wetu una paa kubwa, tena tambarare. Mtalipata."

Kamati ya msikiti ilifurahi, isipokuwa Maalim, mzee wa Mombasa aliyewasomesha Kurani watoto wetu wote. "Jengo hili ni wakfu, mali ya Mungu," alisema. "Wakfu hauuzwi." Kikao kikaishia hapo. Nikawa nawaza nitamtazamaje msimamizi usoni, nami nimeshatoa ahadi.

Sikubishana. Ujanani nilisoma fikihi Tanga, na shekhe wangu alinifunza kuwa mzee hashindwi mbele ya watu. Kila baada ya alasiri nikawa nampitia Maalim kwake mtaa wa Langley Park, tunakunywa kahawa, paa silitaji. Siku ya nne akaanza mwenyewe.

"Najua kilichokuleta. Jua hilo ulilipanda wewe, hata ulivune?"

"Sikulipanda, Maalim. Na mvua ya msikiti wa kwenu Mombasa, nani aliipanda?"

"Mvua gani tena?"

"Ile iliyoteremka paani ikaingia katika birika kubwa la msikiti. Nani alikuwa akiteka?"

Akacheka. "Mtaa mzima! Hata mgema alikuja na ndoo zake, hana haya."

"Na paa likabaki wakfu?"

Alikizungusha kikombe mkononi. "Likabaki. Kitu chenyewe hakitolewi, manufaa yake ndiyo hutoka. Nimeyasomesha hayo miaka. Lakini wewe, bwana, uliwaahidi watu paa la Mungu kabla ya kutuuliza sisi tunaosali chini yake."

Hapo alinipata. Nikamwomba radhi, akanipa mkono. "Haya. Ila Ijumaa fundi asitembee juu ya vichwa vya watu."

Fundi hakutembea. Wiki ile umeme wetu ulipoanza kuhesabiwa kwenye bili ya ofisi, Maalim alitaka kuliona jengo la jiji. Tulisimama mlangoni, yeye na kanzu yake, mimi na sare ya kazi.

"Taa yetu ni ipi?" akauliza.

"Haijulikani, Maalim. Umeme ukishaingia katika nyaya huchanganyika."

Hakuridhika. Akamgeukia mlinzi wa mlangoni, akamwambia kwa Kiswahili, kidole juu, "Huu umeme watoka msikitini kwetu!"

Mlinzi akanitazama, hakuelewa neno. Katika jengo lile nilikuwa nimezoea kusema kwa sauti ya chini. Siku hiyo nilimtafsiria kwa sauti, mpaka waliokuwa wakisubiri lifti wakageuka.